Uzi: Ukinyonya choo Mwanza, lile tope linaishia wapi?

Bwana Mahina (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za jioni. Jumamosi septiki ya nyumba tunayokaa hapa Mahina ilijaa mpaka chemba ikaanza kutema, ukimwaga maji chooni bafu linachemka kama sufuria ya makande. Mama mwenye nyumba yuko Sengerema hapokei simu, tukachangishana wapangaji wanne tukaita gari la majitaka, laki na ishirini.

Gari likaja, dereva na kijana wake, wakafunua mfuniko kwa mtaimbo na kitu cha kwanza yule kijana anasema leteni maji mapipa mawili. Nikauliza ya nini, mi nimekuita utoe maji we unataka niongeze? Akaniambia njoo uone. Juu kuna ukoko mgumu kabisa, kuku anatembea, katikati maji meusi, halafu akazamisha mti mrefu mpaka chini akautoa umeganda tope zito kama lami kuanzia mwisho mpaka usawa wa goti langu. Wakamwaga maji wakakoroga, mpira ukanyonya, mara unakohoa, wanauchomoa wanakuta kipande cha taulo, wanaingiza tena, mara pampers. Kama dakika 20 hivi akasema bosi tumemaliza. Mimi nikachukua ule mti nikazamisha mwenyewe. Tope la chini lipo palepale, limepungua kiganja tu.

Sa naomba kueleweshwa, nimelipia nini? Na zile lita zote alizoondoka nazo kaenda kuzimwaga wapi? Maana niliuliza akacheka tu.

Furu Mkavu
Nimevuta kigoda, ngoja wenye fani waje.

Sangara Mbishi
Anamwaga ziwani mkuu, wewe unayanywa yakiwa baridi kwenye glasi. Uzi ufungwe.

Ngosha wa Boza
Uzi usifungwe, mwenye fani nimefika. Nina miaka tisa kwenye haya maboza, nimeanza nikiwa kijana wa mpira mpaka sasa naendesha.

Kaka Mahina hujaibiwa, ila hukuambiwa ukweli wote. Gari letu linavuta kwa upepo, pampu inatoa hewa kwenye tangi halafu tope linapanda lenyewe, kwaiyo kinachopanda ni kile chepesi. Choo kikikaa miaka kumi bila kuguswa, lile la chini limeshakuwa ugali, na ugali haunyonywi kwa mrija. Ndo maana tunaomba maji, tunakoroga liwe uji. Mapipa mawili kwa shimo lako hayakutosha, yalitakiwa matano au sita na kukoroga kwa zamu, ila hapo mwenye nyumba anasema maji yenyewe nanunua, na sisi mafuta yanaungua, bas tunachukua kilichokuja. Ukiliacha hivyohivyo utatuita tena baada ya miezi minne badala ya miaka mitatu. Mimi wateja wangu nawaambia usisubiri itapike, zamisha mti kila mwaka, tope likifika theluthi ya kina cha shimo ita gari.

Kuhusu wapi. Mwanza sehemu halali ni mabwawa ya majitaka, Butuja kule Ilemela. Unafika, unalipia, unafungulia valvu, unasepa. Sasa piga hesabu na wewe. Mteja yuko Buhongwa au Kishiri, bwawa liko Ilemela, unakatiza mji mzima na boza limejaa, foleni ya Mkuyuni, mafuta, na kule unalipia. Mwenye gari anataka tripu nne kwa siku. Mimi sisemi mtu, ila kuna watu usiku wanajua korongo lilipo. Wewe mteja ukibembeleza bei ishuke mpaka elfu themanini, jiulize ile elfu arobaini imetoka kwenye nini.

Furu Mkavu
Duh.

Mkazi wa Mawe Matatu
Nyie wa Mahina gari linafika mnalalamika. Sisi huku Igogo juu boza tunaliona kwa chini kama toy la mtoto. Nyumba imekaa juu ya jiwe, choo kimekaa juu ya jiwe, fundi alichimba futi tano akakutana na mwamba akasema baba mwisho hapa. Kikijaa unachimba wapi kingine? Kiwanja chenyewe kitanda na nusu.

Mnajua tunafanyaje, msijifanye watakatifu. Mvua ya masika ikikolea usiku kuna mtu anatoa tofali la pembeni ya choo. Tunaita kutapisha. Asubuhi njia yote mpaka chini inanuka na hakuna anayemuuliza jirani kitu maana mwezi ujao ni zamu yake. Watoto wanaenda shule wanaruka.

Ngosha wa Boza
Igogo naijua mkuu, Mabatini juu pia na Bugarika. Mpira wetu tunaunga vipande, ukivuka mita hamsini na kitu halafu kuna mwinuko pampu inalia tu. Kuna mzee mmoja alinilipa nusu nikajaribu, tumeunga mpira umepita uani kwa watu watatu, katikati ukachomoka kwenye kiungo. Sitaki kuelezea kilichofuata, nilifua ukuta wa mtu mpaka saa mbili usiku.

Fundi Mabwawa
Salaam wadau. Nimefanya kazi kwenye mabwawa ya majitaka miaka kadhaa, sio lazima niseme mji gani. Nianze na Igogo kwanza, maana pale pana kitu cha kusema.

Mlima unakataa shimo lakini unakubali bomba. Maji yanashuka yenyewe, huhitaji pampu. Ndo maana ukaja ule mtandao wa mabomba madogo Igogo, Mabatini na Kilimahewa, yanapita kati ya nyumba na pembeni ya mawe, nyumba kadhaa zinaungana chemba moja, mwisho yanaingia bomba kubwa la mji. Bomba la kawaida linataka lizikwe chini sana barabarani, pale ungelipua mwamba wote. Hili linazikwa juujuu au linabebwa juu ya jiwe kwa zege. Ila linataka nidhamu, ukitia mchanga wa kusugulia sufuria na pampers linaziba, na likiziba linatemea kwa wa chini yako.

Sasa tope. Watu wanadhani ukifikisha bwawani kazi imeisha. Kazi ndo inaanza. Maji ndo sehemu rahisi, unayapitisha bwawa la kwanza lenye kina kirefu, la pili la kijani, la tatu, jua na bakteria na mwani vinafanya kazi bure, yanatoka yamepoa. Uchafu mzito unazama bwawa la kwanza na pale unakaa. Kila siku unaongezeka kidogo. Baada ya miaka michache bwawa la mita tatu linakuwa la mita mbili, maji yanapita haraka bila kukaa siku zake, yanatoka machafu kuliko yanavyotakiwa, na kwa juu huoni kitu, bwawa ni lilelile. Siku ya kulisafisha unatoa mlima wa tope kwa mkupuo mmoja na unatakiwa uwe unajua unaupeleka wapi.

Halafu boza. Maji ya bombani ni mepesi, mtu kaoga, kafua, kapiga mswaki. Lililoko kwenye boza ni kali mara kumi na zaidi, maana lilikuwa linajichuja shimoni miaka yote. Ukiruhusu maboza yamwage moja kwa moja kwenye mabwawa bila kipimo unalivimbisha bwawa. Dalili naijua kwa macho: bwawa la kijani linaanza kuwa kijivu, likizidiwa zaidi linageuka rangi ya zambarau kama juisi ya rozela. Wageni wanapiga picha wanasema pamependeza. Mimi nikiona vile silali.

Kwaiyo pazuri panakuwa na sehemu ya maboza peke yake. Linamwagwa kwenye vitanda vya kukaushia, chini kokoto, juu mchanga, tope linakaa unene wa sentimita 20 mpaka 30, maji yanachuja chini yanarudi mabwawani, juu jua linamalizia. Kiangazi wiki mbili tatu unalikata kwa koleo. Masika hata mwezi halikauki.

Bwana Mahina
Fundi asante sana, hapa nimepata shule. Likishakauka linaenda wapi sasa? Maana naona tunasogeza tu swali.

Sangara Mbishi
Likishakauka si udongo. Au chukueni meli mkamwage katikati ya ziwa huko, ziwa kubwa hivi mnahangaika na mchanga na kokoto za nini.

Fundi Mabwawa
Mkuu Sangara, hilo wakubwa walishafanya. New York walikuwa wanapeleka tope lao baharini kwa meli mpaka 1992 wakaacha, Uingereza mpaka mwisho wa 1998. Na ile ni bahari, ina mawimbi na mikondo ya dunia nzima. Ziwa letu kina chake kwa wastani ni mita 40 tu, maji yake mengi yanaingia kwa mvua na kuondoka kwa jua, mto wa kutoka ni mmoja, Nile pale Jinja. Maji yanapanda angani, uchafu haupandi. Kile kinyesi ni mbolea, ukikiweka ziwani unarutubisha mwani na gugumaji. Wewe unakumbuka gugumaji la miaka ya 90 au ulikuwa hujazaliwa?

Sangara Mbishi
Nilikuwepo, baba alikuwa na mtumbwi, alikuwa anaukata kwa panga ndo atoke. Haya hapo nimeelewa. Ila la glasi ya maji sijalifuta, Capripoint si tunachota ziwani hapohapo mjini?

Fundi Mabwawa
Tunachota ziwani ndiyo, Capripoint na sasa Butimba pia. Yanatibiwa ndo yanakuja kwako. Ila maji yakiwa na mwani mwingi kuyatibu kunakuwa ghali na kugumu, kwaiyo lile tofali la Igogo usiku wa mvua unalilipia kwenye bili, hulioni tu.

Mama Mchicha
Hamjambo wanangu. Mimi ni mkulima wa mboga, sisemi bonde gani. Kuna kijana ananiletea lile tope kavu kwa kirikuu, anasema ni mbolea kuliko ya ng'ombe. Na kweli, mchicha unanona jani kama sikio la tembo. Sasa wengine wananitisha eti nawalisha watu minyoo. Naomba mniambie ukweli bila kunicheka, nina watoto wanasoma kwa hizo mboga.

Fundi Mabwawa
Shikamoo mama. Hakuna wa kukucheka, umeuliza swali la maana kuliko wote humu.

Mbolea ni kweli, ina naitrojeni na fosforasi. Shida ni mayai ya minyoo, hasa ile ya duara. Bakteria wengi wanakufa tope likikauka, lakini yai la yule mnyoo lina ganda gumu, linaweza kukaa udongoni miaka likisubiri tumbo. Tope la wiki tatu kitandani kwa macho ni udongo, kwa yai ni mapumziko tu. Mwongozo wa WHO wa 2006 unasema kwa joto la kwetu, zaidi ya nyuzi 20, lihifadhiwe zaidi ya mwaka mzima bila kuongezewa bichi, au lichomwe na joto lake lenyewe kwenye lundo la mboji, nyuzi 50 na zaidi kwa wiki nzima, ukiligeuza ili la nje liingie ndani. Kiwango wanachotaka ni chini ya yai moja kwa kila gramu ya tope kavu.

Kwaiyo mama muulize kijana wako, hili limekaa muda gani na limetoka wapi. Akijikanyaga usiweke kwenye mchicha. Mboga inayogusa udongo na kuliwa haijaiva sawasawa ndo hatari, kachumbari ndo kabisa. Weka kwenye miti, migomba, majani ya ng'ombe, na wewe mwenyewe vaa buti na glavu, osha mikono kwa sabuni.

Mama Mchicha
Marahaba baba. Anasema limetoka "kwenye mradi". Nilimuuliza mradi gani akasema mama we chukua.

Ngosha wa Boza
Mama huyo mkatae.

Mjomba Kondele
Sasa majirani, niko Kisumu ng'ambo ya ziwa nasoma tu. Hii shida tunashare bana. Hapa kwetu lori tunaita eksosta, na tuko na mabwawa kule Nyalenda na plant ya zamani ya Kisat, na bado mtaani kuna watu wanabeba usiku na mkokoteni. Huko Naivasha kuna kampuni inaitwa Sanivation, wao wanachukua hiyo tope wanaipasha moto wadudu wote wafe, wanachanganya na vumbi ya mbao, wanatengeneza kuni za viwanda. Kampala nao walifungua Lubigi mwaka 2014, imejengewa kupokea tope ya malori mita za ujazo 400 kwa siku, iko na vitanda vya kukaushia, vingine vimeezekwa mvua isiharibu.

Sangara Mbishi
Yani nikaangiwe sangara kwa mkaa wa choo??

Mjomba Kondele
Samaki unamlipia, moto hauulizwi jina. Alafu hiyo ni ya boila za viwanda, si ya jiko lako.

Dada wa Pasiansi
Naomba kuuliza, nchi zilizoendelea si walishamaliza hili tatizo? Tusianze kugundua gurudumu.

Fundi Mabwawa
Dada ndo wanahangaika nalo sasa hivi. Milwaukee kule Marekani tangu 1926 wanalikausha tope la mji wao wanaliuza kwenye mifuko kama mbolea ya bustani, inaitwa Milorganite, mpaka leo ipo dukani. Lakini jimbo la Maine mwaka 2022 likapiga marufuku kabisa kumwaga tope mashambani, kwa sababu ya kemikali za PFAS, zile za sufuria zisizoshika na nguo zisizoloa maji. Zinatoka majumbani na viwandani, zinaingia bombani, zinakimbilia kwenye tope na haziozi. Kuna wakulima walikuja kugundua miaka baadae kwamba udongo na maziwa vimeshaharibika.

Somo kwetu ni kwamba tope ni kumbukumbu ya mji. Chochote mlichomwaga kinaandikwa humo. Mwanza tukitupa betri chooni, gereji zikimwaga oili chafu kwenye chemba, mpaka rangi ya gari, mbolea ya mama hapo juu itakuwa na madini ya risasi na kadmiamu, na hizo hata ukizikausha miaka kumi zipo. Minyoo nina dawa nayo. Risasi sina.

Ngosha wa Boza
Naongezea moja maana nimezika mtu. Mkiona gari haliwezi msitume kijana aingie shimoni na ndoo. Tena mnampa na pombe kali ajikaze. Ile gesi ya mayai viza ukiisikia bado una nafasi ya kukimbia, ikizidi pua inakufa ganzi husikii tena harufu, unaona kama hewa imekuwa safi, hapo umebakiza pumzi mbili. Wa pili anashuka kumuokoa wa kwanza, na yeye anabaki. Sisi tulifika na boza tumeitwa kunyonya maji ili miili itolewe. Mwenye nyumba alikuwa anaokoa elfu hamsini.

Furu Mkavu
Dah pole sana Ngosha.

Mkazi wa Mawe Matatu
Pole mkuu. Nauliza tu, ule mtandao wa mabomba madogo huku juu mtu anaungwaje? Jirani wa chini kaungwa, mi nipo mita thelathini tu juu yake.

Fundi Mabwawa
Nenda mamlaka ya maji na mwenyekiti wako wa mtaa, mwende nyumba nne tano kwa pamoja sio mmojammoja, chemba ni ya kushirikiana. Na yule wa chini lazima akubali bomba lipite kwake. Hapo ndo penye kesi siku zote, sio kwenye pesa.

Mkazi wa Mawe Matatu
Wa chini ndo yule ambaye tofali langu linamshukia. Ngoja nianze kwa kumpelekea dagaa.

Bwana Mahina (mwanzisha uzi)
Wakuu nimerudi na mrejesho, siku sita sikuwepo humu. Nilimtafuta Ngosha inbox, akanisaidia gari jingine, safari hii mapipa sita, tumekoroga mimi na wapangaji kwa zamu mpaka mikono ikatoka malengelenge, na tope limetoka. Mti sasa unatoka na kiganja kimoja tu. Nikamwambia nataka nione mwisho wake, akasema panda.

Tumefika mabwawani saa kumi jioni. Mbele yetu maboza mawili. Zamu yetu ikafika kijana akafunga mpira, akafungua valvu, ikatoka kwa kishindo kama maji ya mafuriko kwenye karavati, inapita kwanza kwenye nondo zilizopangwa kama chujio. Kuna mzee pale kavaa buti za shingo na ana reki ya kucha ndefu. Kazi yake ni kuvuta vinavyobaki kwenye nondo. Nimesimama naye namsalimia huku anavuta: rasta, soksi, taulo lile la Jumamosi nusu yake iliyobaki, kichupa cha dawa ya kikohozi, pampers, pampers, pampers. Akaniuliza nyumba hiyo ina watoto wangapi. Nikasema wawili, mmoja wangu. Akanitazama bila kusema kitu akaendelea kuvuta. Nimerudi nyumbani nimenunua ndoo yenye mfuniko nikaiweka chooni.

Pembeni kuna vile vitanda alivyosema Fundi. Cha kwanza bado uji, kongoti wawili wamesimama ukingoni kama makarani. Cha mwisho kimekauka kimepasuka vipande kama jaruba la mpunga mwezi wa tisa, unaokota kipande chepesi kama mkate mkavu, harufu hakuna kabisa, nilinusa mara mbili. Na humo kwenye nyufa zimeota nyanya. Sio mche mmoja, kitanda kizima. Mzee wa reki anasema hakuna aliyepanda, mbegu zinapita tumboni mwa watu zinakuja na boza, zikikuta mbolea na jua zinaota.

Mama Mchicha
Zimezaa baba?

Bwana Mahina
Zimezaa mama. Nyekundu, kubwa, hata sokoni Kirumba hujaona. Nikamuuliza mzee mnazila? Akasema sisi hatuzili, ila kila Ijumaa tukija zinakuwa zimepungua.